Mwanangu, karatasi usiisaini ukiwa kwenye uchungu

Mwanangu, salamu tuziache maana jana tumeongea, sema ulikata simu kabla sijamaliza. Uliposema "mama wakishanipasua kumtoa mtoto nawaambia wanifunge kizazi kabisa" nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sijakasirika, nilikuwa natafuta pa kuanzia nikakosa. Leo nimeamka saa tisa usiku nikaona bora niandike, kwenye simu wewe husikilizi, hilo umerithi kwa baba yako.

Nauliza kitu kimoja tu. Ni wewe umeamua au ni uchovu umeamua? Usinijibu haraka. Nakujua, ukichoka wewe unaweza kugawa hata godoro unalolalia.

Mimi kwanza hili jambo nilikuwa mjinga nalo. Nikisikia kufunga kizazi nilijua wanafunga kizazi chenyewe kama mdomo wa gunia, kumbe kizazi hakiguswi, ni ile mirija miwili inayopitisha yai ndo wanaikata na kuifunga, wengine siku hizi wanaitoa kabisa, damu ya mwezi inaendelea kama kawaida, hamu haiendi popote, na homoni zako zinabaki zilezile. Kwa hiyo wanaokutisha eti utakuwa gogo wapuuze, mimi siko upande wao. Na najua tumbo likishafunguliwa wanamalizia hapohapo, sikatai.

Ninachogombana nacho ni hiyo "kabisa" yako. Kijiti kikikushinda kinatolewa, kitanzi cha shaba kinakaa hata miaka 10 na siku ukitaka mtoto wanakitoa unabeba. Hii ukifunga umefunga, kuna kupasuliwa tena wajaribu kuunganisha lakini nani akuhakikishie. Na wewe una miaka 26! Dada yako kanisomea utafiti wa Marekani, waliwafuatilia wanawake waliofunga mpaka miaka 14, waliofunga wakiwa na 30 au chini yake kama 20 katika kila 100 walikuja kusema wanajuta, waliovuka 30 ni kama 6. Sasa hao 80 hawakujuta, najua utanijibu hivo, wewe mbishi. Labda uko kwenye hao 80. Lakini unafunga kabla hata huyu hatujamsikia analia?

Na mkwe wangu kwani yeye yuko wapi kwenye hii hesabu? Wanaume nao wanafungwa, ile mirija ya mbegu, kama dakika 20 hivi, ganzi ya hapohapo na anarudi nyumbani siku hiyohiyo na nguvu zake anazo, ila mtumie kinga nyingine miezi 3 mpaka apimwe ionekane mbegu hazipo. Ni kazi ndogo kuliko yako. Nimemuuliza baba yako enzi zile angekubali, akaanza kutafuta miwani ambayo ameivaa.

Ulikuwa unaniuliza mbona hukupata mdogo wako nakujibu Mungu hakujalia. Mungu tumemsingizia. Usiku ule nakuzaa wewe, uchungu umepamba, nesi akaja na karatasi na kalamu nikasaini, sikusoma hata mstari, nilitaka tu yaishe. Sikulazimishwa, ndo maana hata wa kumlaumu sina. Baba yako nilimwambia umeshaanza shule. Basi, tuliache hilo.

Kama umeamua wewe, kwa akili yako, mama sina neno na nitakuwa nje ya mlango nakusubiri. Ila kaongee nao sasa hivi kliniki, ukiwa umekaa kwenye kiti, umelala vizuri, uulize maswali yote mpaka wakuchoke. Na hata ukisaini leo ukaghairi siku yenyewe, ni haki yako, waambie tu hapana. Usipofunga siku hiyo hujapoteza kitu, ukipona vizuri unarudi hata mwaka kesho. Ni wewe au ni uchovu? Nitauliza tena nikifika.

Maana safari hii nakuja. Kwa yule wa kwanza nilisema mguu, na mguu ulikuwa unauma kweli, ila siyo kiasi kile. Ulikaa na mtoto mwenyewe miezi yote ile na hukuwahi kunisema, mwanangu una moyo, mimi ningesema. Pengine usingechoka hivi. Nakaa miezi miwili, baba yako atajipikia, akishindwa atajifunza.

Sanduku la nguo za mtoto nimelifungua, panya wametafuna lile shali la bluu, vingine vizima nimefua viko kwenye kamba. Fundi wa bati hajaja tena, ananidanganya kila Jumatatu. Nitumie meseji uniambie kama mkubwa bado halali bila taa, nijue nilale chumba gani.

Mama yako