Picha za akina Oza zinastahili nyumba yao ya makumbusho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie urithi ulio wazi mbele ya macho yetu, nao ni picha za Capital Art Studio ya Shangani, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe, Rohit. Masultani, majahazi, vichochoro vya Mji Mkongwe na watu wa kawaida waliovaa nguo zao za sikukuu, wote walipita mbele ya kamera zao, na wengi wetu tuliozaliwa baada ya Mapinduzi tunaijua Unguja ya zamani kupitia picha hizo.

Ombi langu ni kwamba Serikali ikae na familia hiyo na, kwa ridhaa yao, itenge nyumba moja ndani ya Mji Mkongwe ambamo picha, negativu (filamu zilizotumika kuchapia picha hizo) na vifaa vya kazi vitahifadhiwa pamoja.

Negativu hazisubiri. Filamu ya asetati, iliyotumika sana karne iliyopita, huharibiwa na joto na unyevu, na kwetu vyote viwili vimejaa. Hutoa harufu ya siki, husinyaa na kukunjamana, na ikifika hapo haina dawa. Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wanaweza kuijenga upya, lakini negativu iliyooza hairudi.

Linaloniumiza zaidi ni picha zisizo na majina. Sultani atatambuliwa popote atakapotundikwa, ila bi harusi wa Kikwajuni au mtoto aliyesimamishwa kando ya kiti atabaki mgeni kwetu tusipowauliza wazee sasa, wakiwa bado wanakumbuka nani alikuwa mtoto wa nani na baraza ile ilikuwa ya nyumba gani. Kwa hiyo, hata kabla ya nyumba kupatikana, wazee wa Malindi, Mkunazini na Ng'ambo waalikwe wazitazame picha hizo, na maneno yao yarikodiwe.

Nyumba ya kumbukumbu ya Freddie Mercury, iliyofunguliwa hapo hapo Shangani mwaka 2019, imeonesha kwamba wageni huja kwa ajili ya msanii mmoja tu. Basi nao walipe kiingilio kitakachogharamia umeme wa chumba cha baridi cha kuhifadhia negativu, na wanafunzi wa skuli zetu waingie bure.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkaazi wa Malindi, Unguja