Risala ya Wanafunzi wa Fani ya Ujenzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Michoro ya Dahalia ya Ghorofa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazee wetu mliofika, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,
Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima wa afya. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kuyafungua maonyesho yetu. Shughuli zako ni nyingi, na kufika kwako kumetupa moyo.

Michoro utakayoiona ukutani ni ya kitu kimoja tu: dahalia, yaani bweni, ya ghorofa nane ya wanafunzi wa chuo kikuu hapa Unguja. Ni kazi ya darasani, haina kiwanja wala fungu. Tumeichagua kwa sababu ardhi ya kisiwa haiongezeki na wanafunzi wanaongezeka, wengi wao wakitoka Pemba na mashamba, na si kila mmoja ana jamaa mjini wa kufikia. Siku ya kujenga kwenda juu itafika. Ombi letu ni kwamba ikifika, dahalia hiyo ichorwe kwa kuangalia kwanza namna Wazanzibari walivyokwisha kuishi ghorofani, kwa sababu wameishi humo zaidi ya nusu karne na wanayo mengi ya kutufunza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwetu jengo refu si jambo geni. Beit el Ajaib ya Sultani wetu wa zamani, Seyyid Barghash, ilisimama mwaka 1883, na inatajwa kuwa jengo la mwanzo kuwa na lifti Afrika Mashariki. Lakini hiyo ilikuwa kasri. Ghorofa ya watu wa kawaida ilikuja baada ya Mapinduzi. Serikali yetu iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, wataalamu wake wakaja, nyumba mpya zikajengwa Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 mpangaji miji wao, Hubert Scholz, akachora ramani mpya ya mji. Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitaka watu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, watoke katika nyumba za udongo waingie katika nyumba za kudumu zenye umeme na maji ya bomba. Hapo ndipo yalipozaliwa majumba ya Michenzani: majumba kumi, kila moja limenyooka karibu mita 300 kutoka ncha hadi ncha, na yote kwa pamoja yana fleti 1,102. Wananchi walishiriki kwa mikono yao kuyajenga, na kazi iliendelea hata baada ya Mzee kuuawa Aprili 1972. Mpango wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko hayo yaliyosimama.

Tulikwenda Michenzani na futi kamba na madaftari. Chini tulikuta baraza zimejaa, wazee na bao lao, vijana na kahawa. Juu tulikuta madumu ya lita ishirini yamepangwa kwenye ngazi. Tulimkuta mama mmoja wa ghorofa ya juu akishusha kapu kwa kamba dirishani; muuza samaki chini akatia samaki, akachukua pesa zake mle mle kapuni, kapu likapanda. Tulisimama pale muda mrefu, kwani mama yule alikuwa ameliongezea jumba kitu ambacho mchoraji hakukiweka.

Na khasa habari ya maji. Kila mita kumi za kwenda juu zinataka shinikizo la takriban baa moja (baa ni kipimo cha shinikizo), kwa hivyo jengo la ghorofa nane, lenye urefu wa mita ishirini na nne hivi, linadai zaidi ya baa mbili kabla tone halijatoka kwenye bomba la juu. Bila ya tangi chini, pampu, na tangi jengine juu ya dari, mwanafunzi atabeba dumu. Hapo hakuna njia ya mkato.

Tuliangalia na walikopita wenzetu. Marekani, watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walipofika umri wa chuo katika miaka ya 1960, vyuo vilielemewa, na dahalia zikapanda juu. Katika mji wa Normal, jimbo la Illinois, lilijengwa Watterson Towers la ghorofa 28, moja katika dahalia ndefu kabisa duniani. Kilichotuvutia si urefu wake. Wachoraji waliligawa katika nyumba za ghorofa tano tano, kila nyumba na jina lake, na lifti inasimama ghorofa ya katikati ya kila nyumba. Anayekaa juu au chini yake anamalizia kwa ngazi. Lifti inakwenda upesi kwa kuwa vituo ni vichache, na watu wanakutana kwenye ngazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilichukua njia nyengine: hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017 ni majengo 20 ya ghorofa nne nne, kwa wanafunzi 3,840. Ukiwa na ardhi ya Mlimani hiyo ni busara kubwa. Kisiwani kwetu tunaona ugumu wake.

Dahalia yetu, basi, ni mtaa uliosimama wima. Kila ghorofa mbili zina baraza moja ya pamoja iliyo wazi kwa upepo, yenye jiko lake, ili Ramadhani watu wafuturu pamoja na wakati wa daku pasiwe na msururu wa jengo zima kwenye lifti moja. Ubavu mrefu wa jengo tumeuelekeza kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri likute kuta fupi, na madirisha yapokee kaskazi na kusi. Roshani za kuanikia nguo zina kimia cha saruji, maana wanafunzi wa kike walituambia wazi kwamba bila ya stara roshani haitumiki. Ngazi ni mbili, mbali mbali, kwa ajili ya moto. Na upande wa nyuma ipo njia ya kapi ya kupandishia mizigo, kumuenzi yule mama wa Michenzani.

Mheshimiwa, tuna upungufu wa kompyuta na wa vifaa vya kupimia. Hilo uongozi wa chuo unalijua na tunashukuru wanalishughulikia. Kwako tuna maombi mawili. La kwanza, utuombee ruhusa ya kuyapima na kuyachora upya majumba yote kumi ya Michenzani, ndani na nje, kabla wazee walioyajenga hawajatutoka, na nakala ya michoro hiyo iwekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani. La pili, itakapofika zamu ya kujenga dahalia ya ghorofa, mchoro wa maji na wa umeme wa pampu usomwe mbele ya wanafunzi watakaokaa humo, kabla mkataba haujatiwa saini.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.