Mzee akikonda msikimbilie sukari tu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili la wazee kukonda, maana sisi limetuzungusha zaidi ya mwaka.

Mama yangu yuko Hai, Kilimanjaro, ana miaka 74. Desemba ya mwaka juzi tulipopanda nyumbani tukakuta gauni lake la kanisani linamwelea, mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari. Majirani walishahukumu, eti mkamwana anamnyima chakula, na wifi yangu wa watu alilia mpaka basi. Tukapima sukari, TB, hadi UKIMWI, vyote safi, tukaambiwa ni uzee huo, tukapewa vitamini tukarudi.

Kumbe mama alikuwa anasahau kula! Ukimuuliza anakwambia nimeshakula, na anaamini kabisa kala. Siku moja nikakaa naye jikoni, akamenya ndizi za mtori vizuri tu, akaziinjika bila maji, akaenda zake kukaa kwenye benchi mlangoni. Sufuria ikaungua, moshi mpaka nje, yeye yupo palepale wala hasikii harufu. Baadaye daktari bingwa ndo akatufungua macho kwamba kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, pua inaweza kuanza kupoteza harufu mapema sana, na chakula kisichonukia nani atakitamani, we kumbuka tu ukiwa na mafua makali. Akasema uzito unaweza kuanza kushuka hata miaka kabla watu hawajashtukia kusahau. Halafu dawa ya kumbukumbu aliyoanzishwa, donepezil, kwa baadhi ya watu inaleta kichefuchefu na kukata hamu ya kula, hilo tulikuja kulijua kilo mbili nyingine zimeshaenda.

Kinachoniuma zaidi ni kadi yake ya kliniki ya presha. Kilo 66, 63, 59, 56. Kila akienda kapandishwa kwenye mzani, kila akienda kaandikiwa, na hakuna aliyetupa jicho mstari wa juu. Hata mimi niliibeba kwenye pochi mara ngapi sijui, sikuiangalia.

Na msiseme ni ugonjwa wa wazungu, hukohuko Hai watafiti walishapita nyumba kwa nyumba miaka ya 2009 na 2010, wakakuta kama wazee 6 katika kila 100 wa miaka 70 kwenda juu wana dimensia, yaani kupotewa kumbukumbu na akili kunakoletwa na magonjwa kama hiyo Alzheimer. Kwa hiyo manesi na madaktari wetu, mzee akikonda na vipimo viko safi, muulizeni na mambo ya kumbukumbu, ila msimuulize yeye peke yake, atawajibu vizuri mpaka mshangae. Muulizeni anayempikia.

Siku hizi hatumuulizi kama kala. Wifi anakaa naye wanakula pamoja, kidogokidogo mara tano kwa siku, mtori na parachichi, maziwa mgando. Kapanda kilo moja na nusu. Analalamika mtori hauna chumvi.

Msomaji wako, Kimara, Dar es Salaam