Shukrani kwa dada mkunga wa wodi ya jirani

Dada, jina lako silitaji kwa kuwa najua hupendi, ila watu wa Mwanza wakushuhudie.

Usiku ule nikiwa zamu wodi ya wazazi, tulimpoteza mama mmoja kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Ndugu zake walikuwa wakilia nje, na ndani wengine wako kwenye uchungu, wanasubiri mikono yangu hiyohiyo iliyokuwa inatetemeka.

Hukuwa hata wa wodi yetu. Ulimwomba mkuu wa zamu akuachie wagonjwa wangu, ukanikalisha chumba cha chai, ukanimiminia uji wako. Hukuniuliza kilichotokea. Uliniuliza, "Mdogo wangu, umekula?" Kisha ukavaa glovu ukaenda kuzalisha. Asubuhi ulinisindikiza hadi kivuko cha Kamanga, jioni ukanipigia, na ni wewe uliyenishawishi kumwona mshauri nasaha. (Wagonjwa tunawaelekeza huko kila siku, wenyewe hatuendi!)

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutambua uchovu wa kazi uliopitiliza (burnout) kuwa hali inayotokana na mazingira ya kazi, si ugonjwa. Huku kwetu ukilia ukiwa zamu bado unaambiwa ujikaze.

Wakuu wa wodi, kifo cha uzazi kikitokea mnakaa kikao kupitia sababu, na ni sawa. Lakini waulizeni pia waliokuwepo wanaendeleaje, kabla hawajapangiwa zamu nyingine. Kwetu tumeanza, na aliyemshawishi mkuu wetu ni dada huyuhuyu. Asante sana, dada.