Barua ya wazi kwa wanaoanza kusoma fonetiki na fonolojia

Wanangu mlioingia chuo mwaka huu kusoma Kiswahili,

Salamu nyingi. Fonetiki huchunguza jinsi sauti zinavyotamkwa, fonolojia huchunguza jinsi lugha inavyozitumia. Nimefundisha isimu, yaani elimu ya lugha, mpaka nikastaafu, na kila muhula niliwakuta vijana wakikariri jedwali la konsonanti, vipasuo, vikwamizo, nazali, vitambaza, huku hawajajigusa koo hata mara moja. Nawaombeni msianze hivyo. Anzeni na vinywa vyenu.

Weka kidole kooni, tamka sss, kisha zzz. Ulimi haujahama, uko pale pale karibu na ufizi. Kilichobadilika ni nyuzi za sauti: kwenye z zinatetemeka. Hiyo ndiyo tofauti ya sighuna (kama s, isiyo na mtetemo) na ghuna (kama z, yenye mtetemo), na aliyeihisi kidoleni haisahau kwenye mtihani. Rudia kwa f na v.

La pili ni zito zaidi: msiyategemee maandishi. Sh ni herufi mbili lakini sauti moja. Neno mbuni likiwa ni ndege, mb hutoka kwa pamoja na silabi ni mbili. Likiwa ni mti wa kahawa, m husimama peke yake na silabi zinakuwa tatu. Karatasini huoni chochote. Ndiyo maana mtafundishwa alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, yenye alama moja kwa kila sauti, ambayo chama chake kilianzishwa na walimu wa lugha mjini Paris mwaka 1886. Jifunzeni alama zake mapema, zile za Kiswahili kwanza, nyingine zitakuja.

Sasa mtafuteni mzee wa Mombasa au Lamu, mwombeni ataje paa wa porini na paa la nyumba, nanyi mshike kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo yake. Kwa mnyama karatasi itatikisika, kwa nyumba itatulia. Kwake p hizo ni fonimu mbili, yaani sauti zinazotofautisha maneno, kwa kuwa pumzi ile inabadili maana. Ndivyo ilivyo pia kwa chungu cha kupikia na chungu wadudu. Kwa wasemaji wengi wa bara maneno hayo yanatamkwa sawasawa, na wala hawajakosea; mfumo wao una p moja tu.

Na pumzi hiyo ina asili yake. Nomino za kundi la paa wa porini na chungu wadudu zamani zilianza na nazali, yaani sauti ya puani kama m au n. Mbele ya sauti ghuna nazali imebaki: ubao, mbao, ulimi, ndimi, na hapo l imegeuka d. Mbele ya p, t na k ikadondoka: upande, pande, ukuta, kuta. Katika lahaja za pwani ya kaskazini ilipodondoka iliacha mpumuo. Fonetiki itawaonyesha karatasi ikitikisika, na fonolojia itawaeleza kwa nini imetikisika kwenye pande isitikisike kwenye paa la nyumba. Mwalimu akizitenganisha mno taaluma hizi mbili, muulizeni maswali mpaka azikutanishe.

Jambo moja linaniuma. Madarasani watu huchekana. Mwenzenu akisema "kura" akikusudia kula, au "thambi" badala ya dhambi, msimcheke. Muulizeni lugha yake ya kwanza ni ipi na ina sauti zipi. Huenda lugha hiyo haitofautishi r na l, basi sikio lake lilizoea kuzihesabu kuwa kitu kimoja tangu utotoni. Huo ni ushahidi wa kisayansi umekaa dawati la pili, nanyi mnaupoteza kwa kicheko.

Likizo ikifika, mrekodini bibi au babu kwa simu, kwa ridhaa yake, akisimulia lolote. Chagueni dakika moja tu muiandike yote kwa alama za kifonetiki, pamoja na mkazo. Msirekebishe kitu. Itawachukua jioni nzima, na mwalimu wenu akiwa mwema ataisikiliza pamoja nanyi neno kwa neno.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa isimu