Sauti ya jukwaani ipunguzwe, tuusikie muziki wenyewe

Mhariri,

Mimi ni mpenzi wa muziki tangu utotoni, na hadi leo hakuna kanda wala santuri iliyowahi kunipa raha ninayoipata mbele ya jukwaa, pale mpiga gitaa la besi anapomtupia jicho mpiga ngoma na wote wawili wakabadili mwendo kwa pamoja. Raha hiyo, hata hivyo, inamezwa na mafundi mitambo wanaodhani kelele ndiyo utamu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa sauti kumbini, unaopimwa kwa dakika 15, usizidi desibeli 100, na wasikilizaji wapatiwe vizibo vya masikio. Waandaaji, ambao viingilio vyetu huvipokea bila ajizi, waweke kipimo hicho mahali tunapoweza kukisoma.

Msikilizaji wa siku nyingi