Barua ya malalamiko: kifuniko cha bwawa kinachokwenda kombo, na kamba zinazosingiziwa

Kwa Meneja wa Ufungaji na Huduma kwa Wateja,

YAH: ROLA YA KIFUNIKO CHA BWAWA KUFUNGWA NJE YA PEMBE MRABA, NA KUKATALIWA KWA DHAMANA YA TURUBAI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Kifuniko cha umeme chenye reli, yaani turubai linaloviringwa kwenye rola na kuvutwa kwa kamba juu ya maji, mlichokifunga kwenye bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5 hakijawahi kwenda sawa tangu siku ya makabidhiano. Mafundi wenu wamekuja mara 3, na mara zote wamefanya jambo lile lile: wanafungua fundo, wanakaza kamba ya upande wa mota, wanafunga na kufungua kifuniko mara 2, wanaondoka. Baada ya siku chache kombo linarudi. Barua yenu ya mwisho inadai mambo mawili: kwamba kamba zinajivuta kwa kuwa ni mpya, na kwamba turubai lililochanika haliingii kwenye dhamana kwa kuwa limeliwa na klorini. Madai yote mawili tumeyapima kwa futi ya chuma, na yote mawili hayasimami.

Tuanze na kamba, kwa sababu ndiyo iliyosingiziwa zaidi. Kamba moja ikizidi mwenzake kwa urefu, upau wa mbele, ule unaoshika ukingo wa mbele wa turubai, huchelewa upande mmoja kwa kiasi kile kile safari nzima. Kamba ikizidi milimita 30, upau utachelewa milimita 30 penye mita 2, na 30 hizo hizo penye mita 9. Hiki chetu hakifanyi hivyo. Kikiwa kinafunga, upau unachelewa upande wa mota milimita 10 penye mita 2, milimita 24 penye mita 5, na milimita 45 penye mita 9. Kosa linalokua kadiri ya mwendo halikai kwenye fundo. Ni kweli kwamba kamba mpya hulegea kidogo wiki za kwanza, ila zikilegea husababisha kuchelewa kusikobadilika, kisha hutulia.

Kosa liko kwenye pembe ya rola. Kutoka kwenye mhimili wa rola tulipima mita 10 kamili juu ya kila reli tukatia alama, kisha tukapima ulalo wote wawili (kona hadi kona) kwa futi ile ile, iliyovutwa kwa nguvu sawa, tukageuza ncha na kurudia. Kwa umbali wa mita 5 kati ya reli, kila ulalo unapaswa kuwa milimita 11,180. Ule unaotoka rola upande wa mota kwenda alama ya upande wa pili ni 11,162. Ule mwingine ni 11,198. Tofauti ni milimita 36, wakati mchoro wenu wenyewe unaruhusu 6. Ukipiga hesabu, maana yake ni kwamba breketi ya rola upande wa mota imesogea milimita 20 kuelekea bwawani kuliko ya upande wa pili.

Reli zenyewe hatuzilaumu. Tulipima umbali kati yake sehemu 6 na tofauti kubwa kabisa ilikuwa milimita 2. Aliyezipigia uzi alijua kazi yake. Tatizo ni kwamba rola haikufungwa kwa kufuata reli. Ilifungwa kwa kufuata ukuta wa chemba, shimo rola inamokaa, na ukuta wa chemba ni wa zege lililomwagwa kwa macho. Ukuta ukipinda, rola inapinda nao.

Milimita 20 zinasikika ndogo mpaka mtu afuate turubai linakokwenda. Turubai hutoka kwenye rola kwa pembe mraba na rola, wala halijali reli zilipo. Rola iliyopinda milimita 20 katika mita 5 ni milimita 4 kwa kila mita, kwa hiyo turubai likisafiri mita 10 linataka kuhamia pembeni milimita 40, kuelekea upande usio na mota. Reli hazilipi nafasi hiyo. Upindo wa turubai unaopita ndani ya reli upande wa mota unabaki umening'inia kwenye mdomo wa reli, umevutwa kwa ndani, unasuguana urefu wote. Msuguano huo ndio unaouchelewesha upau upande wa mota, na kadiri turubai linavyoingia zaidi kwenye reli ndivyo msuguano unavyoongezeka. Ndiyo maana ya 10, 24 na 45.

Katika ziara ya tatu fundi wenu alibandika vipande 2 vya turubai kwenye rola, upande wa mota, ili mzingo wa upande huo uwe mkubwa na utoe turubai jingi zaidi kila rola inapozunguka. Mbinu hiyo inakubalika kwa kusawazisha tofauti ya milimita chache kwenye mtambo uliokaa vizuri. Hapa imeficha ugonjwa na kuleta mwingine: turubai sasa lina mikunjo ya mshazari kutoka kona ya rola, na likiviringwa lote linakaa kama koni, upande mmoja mnene.

Sasa klorini. Uchakavu uko kwenye upindo wa upande wa mota peke yake. Unaanzia kwenye upau wa mbele na unakoma mita 4 nyuma yake, ghafla, kama uliochorwa kwa rula. Upindo wa upande wa pili hauna hata uzi uliochomoka. Upande wa chini wa turubai, unaolala juu ya maji siku nzima, rangi yake iko sawa na ukikunjwa haukakamai. Klorini ikizidi hula turubai lote linaloguswa na maji, hulipausha na kulifanya gumu. Haichagui mita 4 za upande mmoja. Daftari la vipimo vya maji lipo: klorini imekaa kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 1 na 3, pH kati ya 7.2 na 7.6, na kila palipowekwa dozi kubwa kifuniko kiliachwa wazi mpaka kiwango kishuke.

Kilichokata ni kiungio cha reli. Reli ya upande wa mota imeungwa kwa vipande viwili, na kutoka kwenye kiungio hadi mwisho wa reli ni mita 4.1. Ukipitisha kidole ndani ya mfereji unakutana na ngazi ya milimita 1.5, na ncha ya kipande cha pili haikupigwa tupa baada ya kukatwa kwa msumeno. Kifuniko kikifungwa, sehemu ya upindo inayopita juu ya ncha hiyo ni mita 4 za mbele tu. Nyingine yote haifiki hapo. Klorini haina namna ya kujua kiungio kiko wapi. Kwenye reli ya upande wa pili kiungio kipo vile vile lakini kimelingana, na upindo wake, ambao kwanza hauvutwi, ni mzima. Yaani ncha kali ilikuwepo, na rola iliyopinda ikawa inausukuma upindo juu ya ncha hiyo kila siku. Hayo yote ni kazi ya ufungaji, na dhamana yenu inataja ufungaji kwa jina.

Marekebisho ya pembe si makubwa, na ndiyo yanayoudhi zaidi. Nyuma ya breketi ya mota kuna nafasi ya milimita 60 kabla ya ukuta. Turubai liviringwe lote, umeme ukatwe, kamba zilegezwe, bolti za breketi zifunguliwe, rola irudishwe nyuma milimita 20. Kisha alama za mita 10 zipimwe upya kutoka kwenye mhimili, na ulalo upimwe mpaka tofauti ishuke chini ya milimita 6. Pimamaji iwekwe juu ya rola kabla ya kukaza, kwa sababu breketi ikisogezwa, mara nyingi hubadilika na kimo. Mashimo mapya kwenye zege yasikaribiane na ya zamani, la sivyo zege litapasuka kati yake. Baada ya hapo vipande vilivyobandikwa vitolewe, kamba zifungwe upya kwa urefu sawa, na swichi za kikomo, zinazosimamisha mota mwisho wa safari, zirekebishwe mwishoni kabisa, maana kila hatua iliyotangulia huhamisha mahali upau unaposimama. Kwa sasa swichi ya kufunga imewekwa mbali mno: upande mmoja wa upau unagonga kapi huku mota ikiendelea kuvuta, na upande wa pili unaacha mwanya wa milimita 45.

Turubai jipya lisifungwe kabla ya hayo na kabla ya kiungio kupigwa tupa na kulinganishwa. Likifungwa leo, litachanika pale pale.

Chemba nayo ina kasoro. Bomba la kutoa maji ni la milimita 50 na lingetosha, lakini mdomo wake umewekwa juu ya sakafu badala ya sehemu ya chini kabisa, kwa hiyo maji yanasimama milimita 70 muda wote. Mota imefungwa chini kiasi kwamba mvua ikinyesha maji yanafika kwenye kifuniko cha waya zake, na swichi ya usalama ya milliampea 30, inayohisi umeme unaovuja, inakata umeme. Kukata ni kazi yake. Tafadhali fundi asije tena kupendekeza iwekwe ya kiwango kikubwa. Sakafu ipewe mteremko hadi kwenye bomba, au kichimbwe kishimo cha pampu ndogo inayojiwasha, na mota ipandishwe. Aidha, hatukuona waya wa kuunganisha reli, breketi na fremu ya mota na mfumo wa ethi wa bwawa. Kiwango cha IEC 60364-7-702 kinachohusu umeme wa mabwawa kinadai vyuma vya namna hii viunganishwe pamoja, na hili halisubiri ratiba ya turubai.

Swichi ya ufunguo imefungwa ndani ya chumba cha pampu. Anayeigeuza haoni bwawa, na ikigeuzwa mara moja kifuniko kinaendelea kwenda hata mkono ukitolewa. Mtu akiwa ndani ya maji hakuna wa kumwona. Ihamishiwe mahali ambapo maji yote yanaonekana kutoka kona hadi kona, na iwe ya kushikilia: ukiachia, inasimama.

Kipeperushi chenu kinasema kifuniko kinakidhi ASTM F1346, kiwango cha Marekani cha vifuniko vya usalama vya mabwawa. Kiwango hicho, kwa bwawa lenye upana unaozidi futi 8, kinataka kifuniko kibebe pauni 485, takriban kilo 220, yaani watu wazima 2 na mtoto 1. Kinataka pia lebo ya onyo kwenye kifuniko chenyewe. Lebo haipo, na upindo uliochanika mita 4 hauwezi kubeba uzito huo. Mpaka mtengeneze, kifuniko hiki hakihesabiwi kuwa kinga ya usalama na uzio wa bwawa unabaki umefungwa kwa kufuli.

Pampu ya kunyonya maji ya mvua juu ya kifuniko iko kwenye orodha ya vifaa iliyosainiwa na haijaletwa. Juu ya mita za mraba 50, maji ya kina cha milimita 10 tu ni lita 500, sawa na kilo 500 ambazo mota inaombwa kuzikokota kuelekea kwenye rola. Kabla ya kifuniko kufunguliwa maji hayo lazima yatolewe, na bila pampu hakuna njia nyingine ya maana.

Tunaomba kwa maandishi, ndani ya siku 14: tarehe ya kurekebisha pembe ya rola na kiungio, kukubali kubadilisha turubai chini ya dhamana, kazi ya chemba na waya za ethi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, swichi ihamishwe, pampu na lebo ziletwe. Fundi atakayekuja aje na futi ya chuma ya mita 15 au zaidi. Mafundi wa ziara zote 3 hawakuwa nayo.

Picha za kiungio, jedwali la vipimo na nakala ya daftari la maji vimeambatanishwa.

Wenu,
Kitengo cha Matengenezo ya Bwawa

Nakala: Idara ya Dhamana